Bwana Wawili

Ndugu zangu, kabla sijazoea hiki kiti, nijibu kwanza lile linalosemwa kule jikoni kila kwaya inapomaliza mazoezi. Nasikia. Mnasema huyu baba ana kiburi, amekuja juzi tu na tayari hataki kusimama mstari wa nyuma. Mwenyekiti akaniambia, "Basi siku ya ushuhuda ueleze mwenyewe." Haya, naeleza. Majina ya watu sitataja, na kama kuna anayewafahamu, anifunikie. Chai ipo, watoto wana katuni zao huko chini, mnivumilie kidogo.

Mimi ni mtu wa Tabora, na tangu ujana wangu sikai mahali. Nilimaliza kidato cha nne nikapata ukarani pale reli, kazi nzuri tu, nikaiacha kwa sababu bendi ya dansi ilipita mjini ikiwa imepungukiwa mwimbaji. Nikapanda nao treni. Tukapiga Mwanza, tukapiga Arusha. Bendi ikafa, nikavuka mpaka, nikaimba hotelini Mombasa, kisha baa za Nairobi. Na ugonjwa wangu ulikuwa mmoja: nikiwa Arusha naitamani Mwanza, nikiwa Mombasa nailia Arusha. Mji nilioupenda siku zote ni ule niliokwisha kuuacha. Nairobi rafiki mmoja akaniambia tujaribu bahati nasibu ya grinkadi, kile kibali cha kuishi Marekani. Yeye alikuwa anaomba kwa kufunga na kusali, mimi niliingia kwa mzaha. Nikapata mimi.

Nilisafiri kwa ndege mpaka Cairo, nikalala kwenye benchi ya uwanja, nikaendelea mpaka New York, na kutoka hapo basi hadi Washington. Nilishuka asubuhi ya baridi nimevaa viatu vya jukwaani, vile vya ncha kali, kwa sababu niliambiwa Marekani watu wanavaa vizuri. Mnacheka. Nyie mlishuka na nini?

Aliyenipokea alikuwa Mtanzania mwenzetu, mwalimu. Mchana alifanya kazi ofisini, jioni akifundisha Kiswahili kwa watu wazima kule Rockville. Darasa lake lilikuwa na Wamarekani weusi wengi waliotaka kujua lugha ya kule walikotoka babu zao, au walikodhani wametoka. Mwalimu akanichukua niwe wa kuzungumza nao, wasikie Kiswahili kinachotoka mdomoni mwa mtu, si kwenye kanda. Huko ndiko nilikokutana na mwenzangu.

Nitamwita hivyo tu, mwenzangu, ingawa neno lenyewe linanikwaruza koo. Alikuwa kijana wa upande wa Upper Marlboro, amekulia kwenye kwaya ya kanisa la mama yake, na ana sauti, ndugu zangu, hata leo sitasema uongo, ana sauti ya kumtoa mtu kitandani. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabu. Siku ya kwanza alinijia akasema, "Je, kaka yangu mpendwa, ungependelea kunywa kinywaji?"

Nikamwambia, "Sema tu, tunywe nini."

"Lakini hiyo ni adabu?"

"Adabu ni kulipa."

Akacheka mpaka akashika meza. Toka siku hiyo tukawa pamoja.

Sasa kuna siku moja darasani naomba muishike vizuri, kwa sababu yote yaliyonikuta yalitoka hapo. Mwenzangu aliniuliza mbele ya wote ninafanya kazi gani nyumbani. Nikasema mimi ni mwimbaji, sauti ya pili. Akauliza, "Sauti ya pili ni yule wa nyuma anayesaidia?" Mwalimu akainuka kabla yangu. Yeye alikuwa mtu wa dansi kufa. Akachora ubaoni mistari miwili, mmoja juu, mmoja chini, yenye urefu sawasawa. Akasema, "Kwetu, wa kwanza na wa pili wanaanza pamoja, wanameza mate pamoja, wanamaliza pamoja. Huwezi kuufuta huu wa chini ukasema wimbo umebaki. Pili hapa si cheo." Mwenzangu akaitazama ile mistari, akasema taratibu kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Kwa hiyo sauti ya pili siyo msaidizi. Ni nusu." Mwalimu akampigia makofi. Mimi pia nikapiga.

Basi tukaanza kuimba, watu wawili, nyimbo za mapenzi za mtindo wa kwao wa soul, nyingine tukazitungia maneno ya Kiswahili katikati. Kwao, wakiwa wawili huwa wanapokezana, huyu anaimba, yule anaitikia oo-oo. Sisi tuliimba kidansi, wote toka mwanzo mpaka mwisho, bega kwa bega. Watu hawakuwa wamelisikia jambo lile. Tuliimba kwenye harusi, kwenye kumbi za kina mama wa makanisa, kwenye mikahawa ya Rockville ambako watu wanakula huku wanatazama saa, na hata hao waliacha uma. Mama mmoja alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, sijui unasema nini, lakini nimeshamsamehe mume wangu." Nikamwambia, "Mama, wimbo unahusu mvua." Tulijiita Sisi Wawili. Jina alilichagua yeye.

Habari zetu zikamfikia bwana mmoja mwenye studio. Akatuita ofisini kwake. Nilinyoosha shati asubuhi mara ngapi sijui. Nilishaandika nyumbani Tabora kwamba mtanisikia, kaeni karibu na redio.

Yule bwana hakuwa mtu mbaya wa kutazama. Alitupa kahawa. Kwanza akasema jina halifai, kwa sababu ile "sisi" kwa Kiingereza inasikika kama neno la kumtukania mwanamume mwoga. Akasema tubakize lile la mwisho, Wawili, linapendeza mdomoni. Tukakubali. Halafu akamgeukia mwenzangu, "Wewe unaimba nini?" Mwenzangu akasema, "Mimi naongoza." Akanigeukia mimi, "Na wewe?"

Ndugu zangu, mimi nilinyoosha kifua. Nililisema kwa Kiingereza neno kwa neno, kama ningelisema mbele ya kiongozi wa bendi pale Tabora, na kwa fahari ile ile. Nikamwambia mimi ni sauti ya pili.

Akaitikia kwa kichwa. "Sawasawa. Wa nyuma."

Nikamtazama mwenzangu aliseme lile la ubaoni. Yeye ndiye alikuwa na lugha zote mbili. Alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Zilikuwa zimefungwa.

Nikajiambia labda ni namna yao ya kusema tu. Tukaingia kurekodi, na studioni sauti yangu ilipewa haki yake, sikatai, ukiusikia wimbo ule tupo sawa kwa sawa kama mistari ya ubaoni. Lakini siku ya kupiga picha niliambiwa nikae kwenye kochi nisubiri. Nilisubiri nimevaa suti. Picha zikaisha, watu wakaanza kukunja nyaya. Kwenye maonyesho kipaza sauti changu kiliwekwa nyuma, karibu na ngoma, mahali taa hazifiki. Nikamwuliza mwenzangu, "Vipi?" Akasema, "Kaka, ni kwa sasa tu. Vumilia." Kila nikiuliza ilikuwa ni kwa sasa tu.

Halafu akanipigia simu kabla ya onyesho moja kubwa. Akasema nisijisumbue kuja.

"Sasa nani ataimba sehemu yangu?"

Akasema, "Sauti yako ipo kwenye kanda, kaka. Watapiga kanda."

Nawaambia, mtu akifukuzwa kazi anaondoka na mikono yake. Mimi nilifukuzwa, sauti yangu ikabaki kazini.

Na lile jina sasa. Wamarekani hawakujua wawili ni nini. Waliona picha ya mtu mmoja na neno Wawili, wakadhani ndilo jina lake. Redioni wakaanza kumwita Bwana Wawili. "Na sasa tumsikilize Bwana Wawili." Yeye akaitika. Nimemsikia kwa masikio yangu akihojiwa, anaitwa Bwana Wawili, naye anasema naam, asante. Mtu mmoja anaitwa Wawili na anaitika.

Nilihamia Arlington nikapata kazi kwenye maegesho ya magari chini ya jengo la maofisi. Unakaa kwenye kibanda cha vioo, gari linakuja, kioo kinashuka, unapokea tiketi, unainua kizuizi. Sasa fikirieni. Kioo kikishuka, redio inatoka. Wimbo ule ulikuwa umependwa pale mjini, kila jioni watu wakitoka kazini unapigwa. Kioo kinashuka, natoka mimi. Nanyoosha mkono nipokee tiketi kwa mtu anayeimba sehemu yangu. Maana hilo ndilo lilikuwa balaa lenyewe, watu hawakuimba ile sauti ya juu, hawaiwezi. Waliimba ya chini. Yangu. "Jioni njema," nasema, nainua kizuizi, anapita nayo.

Mkenya mmoja tuliyekuwa naye zamu alileta kanda siku moja. Akaigeuza geuza.

"Buda, hii imeandikwa Wawili. Mimi nahesabu hapa naona jamaa mmoja. Ama huyo mwingine ndiye alikuwa ameshika kamera?"

Nikatoka kibandani. Alinikuta kwenye ngazi za dharura nimekaa. Nikamwambia yote. Hakucheka tena. Akasema tu, "Pole, mzee. Lakini kwani ulimwambiaje huyo boss?" Nikamwambia. Akasema, "Ah. Hapo Kiingereza ndio kilikuangusha."

Na hilo ndilo lililoniua. Kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikijiambia mwenyewe kila siku. Kwamba hakuna aliyenidhulumu, ni Kiingereza changu cha kidato cha nne. Kwamba neno moja tu ningelisema vingine, ningekuwa kwenye ile picha. Nikaacha kuimba. Si jukwaani tu, hata bafuni, hata kanisani nilisimama nimefunga mdomo kama mtu mwenye jino. Kiswahili chenyewe nikawa nakionea kinyaa. Mwalimu alinitafuta, sikumpokelea simu. Nilimwona yeye ndiye aliyenifundisha fahari isiyo na maana kwenye ubao wake. Nyumbani wakauliza kwa barua kanda iko wapi. Sikujibu.

Halafu mwalimu akafa. Aliugua ghafla, hata habari ya kuugua sikuipata. Hapo ndugu zangu nina jiwe kifuani ambalo sitalizungumza leo.

Msiba ulikuwa nyumbani kwake Maryland, Jumapili mchana. Yule Mkenya ndiye aliyenipeleka kwa gari lake, mimi nilitaka kubaki. Nyumba ilijaa. Watanzania, Wakenya, Wakongo, Waislamu waliokuja kumpa pole mjane, wanafunzi wake Wamarekani weusi, watoto wamejaa kwenye ngazi wananong'ona Kiingereza. Na karibu na dirisha, kwa suti nyeusi, mwenzangu.

Mchungaji akaomba wimbo. Hapa mnajua wenyewe shida yetu. Wimbo mmoja wa dini, tyuni ni moja, lakini Watanzania wana maneno yao, Wakenya wana yao, Wakongo wana yao tofauti kabisa. Mwenzangu ndiye alianzisha, kwa maneno ya kitabu alichopewa na mwalimu. Ubeti wa kwanza ukaenda. Wa pili, kila nchi ikashika njia yake. Huku wanasema msalaba, kule wanasema damu, Wakongo wamekwisha fika mbinguni. Wimbo ukaanza kufa. Watu wakatazamana. Mjane akainamisha kichwa, na niliona kwamba anaona aibu, kwamba mumewe anaagwa na watu wasiojua hata kumwimbia.

Sikukusudia. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa jikoni, na mdomo ukafunguka. Sauti ya pili. Bila maneno, maana ningechukua maneno ya nani? Nikaibeba tyuni kwa chini tu, mmm, kama ninavyoijua tangu Tabora. Mama mmoja Mkongo mbele yangu akaegemea hapo na maneno yake. Kisha Wakenya. Kila mtu akashika maneno yake lakini wote wakakanyaga sakafu moja. Na mwenzangu kule dirishani, sauti ya juu, aliisikia, akageuka. Tukaimba. Tukavuta pumzi mahali pale pale. Mpaka mwisho.

Ilipoisha yule mama aligeuka akanitazama toka juu mpaka chini. "Papa, weye ulikuwa wapi? Sisi yote tulikuwa tunaanguka, weye ndio ulitukamata."

Nikasema, "Mama, mimi ni sauti ya pili tu."

Akaniangalia kama nimemtukana. "Tu? Tu ya nini?"

Nikatoka nje kwenye maegesho. Mwenzangu akanifuata.

"Kaka."

"Nina swali moja," nikamwambia. "Siku ile ofisini, nilipojibu. Ulijua yule bwana ameelewa vibaya?"

Nilitaka aseme hapana. Nawaambia ukweli, mwaka mzima nilikuwa nimejilaumu, na bado nilitaka aseme hapana.

Akasema kwa kile Kiswahili chake kisicho na kosa, "Nilijua. Walikuwa wamekwisha kuniambia wanamtaka mtu mmoja. Sikujua nitakuambiaje. Uliposema vile, nikaona umenirahisishia."

"Kwa hiyo sikukosea kusema."

"Hukukosea. Mimi ndiye niliyeliacha neno likosee."

Jamani, sijui kama mtanielewa. Hasira ilipanda, ndiyo, ilipanda mpaka machoni. Lakini chini yake kuna kitu kilikaa sawa. Mwaka mzima nilijiona mjinga. Kumbe sikuwa mjinga, nilitupwa. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Aliyetupwa anaweza kusimama akajifuta vumbi. Mjinga anasimamia wapi?

Akasema, "Rudi. Nitazungumza nao. Nitawaeleza maana yake."

"Utawaeleza nini? Kwamba Wawili ni wawili?"

"Kaka, naomba."

"Nenda kazike, Bwana Wawili," nikamwambia. Nikaingia ndani kumsaidia yule mama kugawa chakula.

Mnataka niseme nilimsamehe. Namwona mchungaji anasubiri hapo. Sijafika, mchungaji. Nipo njiani, na mimi ni mtu wa njia ndefu. Ila sikilaumu tena Kiingereza changu, na bafuni naimba, muulizeni mwenye nyumba wangu.

Niwashukuru watu. Yule mama Mkongo, ambaye baada ya msiba alinipigia simu kila Jumapili kuniuliza, "Papa, umeimba?" na nikisema hapana anakata. Yule Mkenya aliyeniburuta mpaka msibani. Mwalimu, ambaye simu yake sikuipokea. Na nyie mlionipa kiti hapa nikiwa mgeni.

La kuwaachia ni hili. Unapolibeba neno la kwenu ukaliingiza kwenye lugha ya watu, usiliache limesimama peke yake mlangoni kama nilivyofanya mimi. Kaa nalo, lieleze, hata wakikuona una maneno mengi. Na wewe uliyejaliwa lugha mbili, unayekaa katikati ya watu wawili wasioelewana, mtoto wako na mwalimu wake, mama yako na daktari, ukinyamaza usije kusema hukusema kitu. Umesema. Kwa hiyo kwaya ikisimama, mimi naomba tusimame wote mstari mmoja. Si kiburi. Nikisimama nyuma naanza kusikia kanda.

Siku niliyoondoka Washington kuja huku kwenu ilikuwa mchana wa jua. Mkenya alinishusha kituo cha mabasi, akaniambia, "Mzee, huko unakoenda usiseme wewe ni wa pili. Sema wewe ni nusu ya kampuni." Tukacheka. Basi likajaa, pembeni yangu akakaa mama mmoja Mmarekani mweusi, mtu mzima, ana redio ndogo na vile vidude vya masikioni. Tulipotoka mjini nikaanza tayari kuukumbuka mji, mnanijua. Ndipo nikamsikia anaimba polepole. Sehemu yangu.

Akaona namtazama. Akatoa kimoja sikioni, akasema, "Samahani, mwanangu. Ni huyu Bwana Wawili, nikimsikia siwezi kunyamaza."

Nikamwambia, "Mama, wawili si jina la mtu. Kwetu maana yake ni watu wawili."

"Wawili?" Akafikiri. "Basi huyo mwingine yuko wapi?"

"Amehama, mama. Ameondoka leo."

Akaguna, akasema amefanya vibaya, akakirudisha kile kidude sikioni. Akaendelea. Lakini pale wimbo unapopanda alikuwa anawahi kushuka, mara ya kwanza, mara ya pili. Nikamgusa mkono. Nikamwonyesha panapokwenda.